Kichwa cha Musembi

Kabla hujamcheka Erastus Nzioka, jua kwanza kwamba siku zake alikuwa fundi wa picha ambaye Thika nzima haikuwa na mfano wake. Watu wa Thika watabisha. Waache wabishe, ndiyo kazi yao. Wapiga picha wengine walibonyeza kitufe wakapokea walichopewa na Mungu, lakini Nzioka alikuwa anamsaidia Mungu. Ukimletea bwana arusi aliyefumba macho, anamfumbua. Ukimletea harusi ambayo mjomba hakufika kwa sababu ya kileo, anamleta mjomba, tena akiwa amesimama wima, jambo ambalo mjomba mwenyewe angelishindwa siku hiyo.

Studio yake ilikuwa pale Matuu, mlango wa pili kutoka kwenye mashine ya kusaga unga. Unga uliingia kila mahali, ndiyo maana watu waliopigwa picha na Nzioka miaka ya tisini wote wanaonekana kama waliojipaka poda. Nyuma ya kiti cha wateja alitundika pazia alilolichora mwenyewe: ndege nyeupe, mlango wazi, ngazi imeshuka inamngoja abiria. Nzioka hakuwahi kupanda ndege, na ilionekana, kwa sababu ile ndege aliipa taa mbili za mbele kama lori. Ukutani kulikuwa na msumari, na kwenye msumari koti moja jeusi na tai, kwa wale waliofika bila. Koti hilo liliwaozesha watu wengi wilaya ya Machakos. Kuna mabinti walioposwa kwa picha ya koti, wakaja kuolewa na sweta.

Shule alifika darasa la saba akatosheka. Mengine alijifundisha kwa wembe na gundi.

Mbinya alikuja kwake mwanzoni mwa mwaka wa tisini na nane, mvua ya El Nino ikiwa imelegeza kingo za mito yote. Mtoto wake wa kwanza, Musembi, alikuwa amekwenda kuchimba mchanga wa kuuza upande wa Kithyoko. Ukingo ukaporomoka. Wenzake walimfukua kwa mikono, wakachelewa. Wenye malori walipakia mchanga wao wakaenda zao, na siku za matanga hakuna hata mmoja aliyefika kusema pole. Hilo ndilo lililomkaa Mbinya kooni kuliko hata ule ukingo. Ukingo ni udongo, alisema, haujui kitu, lakini wale walikuwa watu.

Mkononi alikuwa na picha moja ya pasipoti, ile Musembi aliyopiga akitafuta kitambulisho. Ilikuwa ndogo kuliko ubavu wa kiberiti. Nyingine hakuna.

"Nataka tuwe watatu," akasema. "Mimi, Nthenya na yeye."

Nthenya, binti yake, alikuwa kando yake na sare ya shule, anatazama sakafu.

"Yeye nitamweka, mama Musembi. Hiyo niachie mimi."

"Akiwa amevaa koti."

"Alikuwa na koti?"

"Si hakuwa nayo. Ndiyo nasema avae."

Nzioka akavaa lile koti mwenyewe. Aliitega kamera ijipige, akakimbia akasimama katikati ya mama na binti, mabega juu, mbele ya ndege yake. Huo ndio ulikuwa mwili wa Musembi. Kisha akaingia chumba cha giza na ile pasipoti, akaikuza, akatoka na vichwa vitatu vya ukubwa mbalimbali, akavipanga mezani kama mtu anayeuza nyanya.

"Huyu mdogo ndiye analingana na mabega," akaeleza.

Mbinya hakuvitazama akiwa pale mezani. Alirudi nyuma mpaka mlangoni, akatazama kutoka kule.

"Huyu mkubwa."

"Mama Musembi, huyo atashinda mwili. Atakaa kama amebebeshwa kichwa."

"Nikiwa kwa kitanda nataka kuona macho. Huyo mdogo sioni macho. Naona tu mtu."

Walibishana kidogo, fundi akitetea ufundi na mama akirudia neno macho, mwishowe fundi akakubali. Alikikata kile kichwa kikubwa kwa wembe mpya, akakisugua nyuma kwa msasa mpaka ukingo ukawa mwembamba kama ganda la kitunguu, akakibandika juu ya uso wake mwenyewe, akapitisha penseli shingoni kuficha maungio, akaipiga picha upya. Tai akaipaka rangi nyekundu kwa brashi. Ilipomalizika, Musembi alikuwa amesimama kati ya mama na dada, kichwa kama boga la mavuno, macho yamefunguka yanakutazama popote ulipokaa. Mbinya alilia kwa furaha. Sasa cheka kama unaweza.

Picha moja ikaenda kwa Mbinya, kwenye fremu. Ya pili Nzioka aliiweka kwenye kioo cha mbele cha studio, kwa kuwa desturi ya kazi hiyo ni kwamba ile bora inatazama barabara. Mbinya aliombwa ruhusa na akaitoa. Siku za soko, akipita na karai lake la maembe, alikuwa anasimama pale kiooni kidogo, anamsalimu mwanawe kwa Kikamba, kisha anaendelea na biashara. Watu walizoea. Hakuna aliyecheka, maana kila mtu pale alijua ni nani na kwa nini kichwa ni kikubwa.

Ikakaa hivyo miaka. Kisha Yasin akafungua saiba.

Yasin alikuwa mtu wa Matuu kwa kuja, babake aliuza vitambaa kwa miaka mingi kabla hajamwachia duka. Akatoa vitambaa, akaingiza kompyuta nne na mashine ya kunakili picha iitwayo skana, akaandika nje INTERNET kwa herufi za kijani. Nzioka alimpelekea picha zake bora aziingize kwa kompyuta, zisije zikaliwa na mende. Yasin akawa anazipitisha moja moja, mpaka akafika kwa Musembi. Mkono ukasimama.

"Unacheka nini?" Nzioka akauliza.

"Samahani mzee Era. Lakini huyu jamaa, hii kichwa yake ilikatiwa tiketi?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Huyo ni Musembi wa Mbinya, alifia mchangani, mamake ndiye alitaka kichwa kiwe hivyo. Ni maneno machache tu na yangetosha, kwa sababu Yasin hakuwa mtu mbaya. Lakini Yasin alishaongeza lingine.

"Na kazi ni safi sana, wacha nikuambie. Sioni mahali umeunga. Ulitumia nini?"

Basi Nzioka akavuta kiti. Akaeleza wembe, akaeleza msasa, akaeleza penseli namba mbili na namna ya kushusha kivuli chini ya kidevu. Alieleza mpaka adhuhuri. Ya Musembi hakuyafikia.

Jioni hiyo Yasin aliandika maneno mawili chini ya picha, MZIGO UMEZIDI, kwa sababu ya ile ndege, akamtumia binamu yake Mombasa. Binamu akawatumia wenzake. Hao wenzake nao walikuwa na wenzao.

Haikuchukua muda ikaanza kurudi. Siku moja Yasin alimwita Nzioka, akamwonyesha barua pepe iliyotoka kwa mtu wasiyemjua, naye ameipata kwa mtu asiyemjua. Ilikuwa ni ile ile, ila maneno yamebadilika: HUYU NDIYE ALIKUWA NAMBA MOJA KWA MTIHANI. Baada ya hiyo ikaja ambayo ndege imeondolewa, Musembi amesimama bungeni, WAZIRI MPYA WA MIPANGO. Ikaja ambayo kichwa kimewekwa juu ya ng'ombe. Ikaja ambayo kila mtu kwenye harusi, mpaka mtoto wa kushika maua, ana kichwa cha Musembi.

Nzioka alicheka mpaka akashika ukuta. Kweli zilichekesha, tusidanganyane. Alimlipa Yasin azichapishe, akazibandika kwenye ukuta wa studio moja baada ya nyingine, akawa anazikagua mikono nyuma kama mwalimu mkuu.

"Huyu wa ng'ombe hajui kukata shingo," akamwambia Yasin. "Ona hapa, amelamba sikio. Lakini huyu wa harusi ni fundi. Huyu ningemwandika kazi."

"Hii ndiyo sanaa ya siku hizi, mzee," Yasin akasema. "Mmoja anaanza, mwingine anaongeza, mwingine anapunguza. Kabla jioni imezunguka dunia. Haina mwenyewe."

"Haina mwenyewe namna gani na mwenyewe ndiye huyu umesimama naye?"

"Nani anajua?"

Hapo Yasin alimgusa donda. Nzioka hakulala vizuri na swali hilo. Kesho yake akarudi saiba, akaamuru picha iandikwe pembeni NZIOKA PHOTO STUDIO, MATUU, na itumwe kwa kila anwani Yasin aliyo nayo, za wateja, za jamaa, hata ya mganga mmoja wa Ukunda aliyewahi kuandika akiuliza bei ya vitambaa. Ikatumwa. Akangoja kama mtu aliyepanda mahindi. Iliporudi, ilikuwa na maneno mapya chini, na pembeni wameikata. Jina limekwenda na ile pembe.

Alitukana siku nzima. Utafikiri ameibiwa mbuzi. Na angalia kilichomuuma: kwamba watu wanacheka na hawajui aliyewachekesha. Kwamba wanamcheka nani, hilo halikupita hata karibu na mlango wake.

Ila wateja walijua njia. Vijana walianza kuja kutoka Thika, hata Nairobi, wanataka vichwa. Mmoja anataka apewe kichwa kikubwa na miguu midogo ampelekee mpenzi wake, mwingine anataka babake akae kama balbu. Nzioka alinunua benchi la pili. Na katikati ya neema hiyo, aliitoa ile picha kiooni akaificha ndani, kwa sababu wateja walikuwa wanaielekeza kidole kutoka barabarani wakicheka, na Mbinya bado alikuwa anapita siku za soko.

"Umempeleka wapi?" Mbinya aliuliza mara ya kwanza alipokuta kioo kitupu.

"Jua lilikuwa linamfifisha. Nimemweka ndani apumzike."

"Ahsante," Mbinya akasema. "Wewe unamchunga."

Nthenya ndiye aliyegundua kwanza. Alikuwa amekua, ameolewa Kinanie, anafanya kazi ya kuandika mizigo kwenye kampuni moja upande wa Athi River. Alikuja studio siku ya Jumamosi, akakaa kwenye benchi mpaka wateja wakaisha. Nzioka hakumtambua.

"Ni mimi Nthenya wa Mbinya," akasema. "Huyu hapa kando ya kichwa."

Akanyoosha kidole ukutani. Alikuwa anajionyesha mwenyewe, na sare ya shule.

"Aa, Nthenya. Umekuwa mama mzima. Habari ya..."

"Waliniita nije kwa kompyuta nione kitu ya kuchekesha. Ofisi yote ilikuwa imesimama hapo. Nikaangalia, nikaona ni sisi."

Nzioka aligeuka akaanza kunyoosha karatasi moja ukutani.

"Nikacheka, mzee Nzioka. Hawakujua ni mimi, nilikuwa mtoto wakati huo. Wakanitazama kama nitacheka na nikacheka, mpaka nikapiga meza. Ningefanya nini?"

"Nthenya, hao watu si mimi niliwaambia..."

"Itoe."

Walikwenda pamoja kwa Yasin. Yasin alipoelezwa ni nani, alishika kichwa kwa mikono miwili, akasema laiti angejua. Alifuta ile iliyokuwa kwa kompyuta yake mbele yao, akaeleza kwamba kufuta kwake ni kama kufuta jina lako kwa ubao wa shule wakati darasa zima limeshaliandika kwa vitabu. Nthenya alisikiliza bila kulia. Alipokuwa anaondoka alimshika Nzioka kwenye kiwiko.

"Basi mama asijue. Hiyo tu ndiyo naomba. Ako na huyo mtu mmoja kwa ukuta, anaongea naye asubuhi."

"Hatajua. Mama yako na kompyuta watakutana wapi?"

Zile za ukutani alizitoa? Alikusudia. Aling'oa ya ng'ombe, kisha akaingia mteja, mteja akasema wacha hizo, nimetoka Kangundo kuziona. Zikabaki.

Sasa sikia jinsi mambo yanavyotembea. Picha ikitoka kwa karatasi ikaingia kwa kompyuta, ukadhani imefika mwisho, haijafika. Iko na miguu. Kuna mchoraji wa malori huko Thika aliyeonyeshwa ile barua pepe na mwenye lori, akaambiwa nataka hii nyuma. Yule mchoraji alikuwa na mkono, tumpe haki yake. Alichukua ubao wote wa nyuma wa lori akauchorea kile kichwa, macho yote mawili, mpaka tai akaipiga nyekundu, na chini yake kwa herufi za njano zenye kivuli: MZIGO UMEZIDI. Kwa lori hayo ni maneno matamu, yanamchokoza askari wa barabarani.

Na lilikuwa lori la mchanga.

Mbinya aliliona siku ya soko likitoka upande wa mto, limejaa, maji ya mchanga yanadondoka barabarani. Lilisimama ng'ambo ya studio, dereva akashuka kunywa chai. Nzioka alikuwa anamnyoosha mteja kidevu aliposikia anaitwa kutoka nje ya mlango.

"Nzioka. Njoo uone. Njoo haraka, wacha huyo."

Nzioka alipotokea mlangoni, akamvuta kwa mkono wa shati mpaka barabarani. Uso wake ulikuwa umefunguka namna ambavyo Nzioka hakuuona tangu kabla ya yale matanga.

"Wamemkumbuka," Mbinya akasema. "Watu wa mchanga. Nilisema hawana haya, na kumbe waliambiana, wakamtafuta, wakamweka kwa gari yao. Angalia macho. Ni ile picha yako, Nzioka. Waliitoa wapi?"

"Sijui, mama Musembi."

"Waliiona hapa kwa kioo. Wapi tena?" Akakaza macho. "Wameandika nini hapo chini? Nisomee."

Herufi zilikuwa kubwa kama viatu. Mbinya hakuwahi kusoma, na hakuona aibu kuuliza. Nzioka alitazama ubao, akamtazama mama. Alimkumbuka Nthenya, na hilo mhesabie. Lakini alikumbuka pia ukuta wake, na vijana wawili waliokuwa kwenye benchi wakingoja vichwa.

"Imeandikwa, Tunakukumbuka Musembi."

"Sema tena."

"Tunakukumbuka Musembi."

Mbinya aliinua kidole akayafuata yale maneno kutoka mbali, moja, halafu la pili. Yalilingana. Nzioka, fundi mpaka kwenye uongo, alijipongeza moyoni kwamba ametafuta maneno mawili.

Alipewa maembe sita yaliyoiva, ya shukrani. Hakuyala.

Tangu hapo, siku za soko Mbinya hakuuza kwanza. Alikuwa anakaa na karai lake karibu na kibanda cha chai, anangoja lile lori. Likifika, anachagua maembe mazuri anampa dereva, anamwambia Mungu awabariki nyinyi nyote na mwenye gari. Dereva aliyapokea. Alidhani ni mama wa kanisa. Nzioka alikuwa anaona haya yote kutoka mlangoni mwake, na kila mara dereva akifungua mdomo, alijibanza nyuma ya mlango. Angeweza kuvuka barabara. Ni hatua chache, kuku wanazivuka kutwa nzima. Angemwita mama kando akamwambia mwenyewe, taratibu, kwa Kikamba. Alijipangia kufanya hivyo wiki ijayo. Wiki ijayo ikifika, kulikuwa na wateja.

Siku Nzioka alipochelewa kabisa, dereva alikuwa ameingia ndani kwa chai na juu ya mchanga kulikuwa na wapakizi wawili, wamekaa wanamenya miwa. Mbinya aliwapa maembe. Akawaambia kitu, akionyesha ubao wa nyuma. Nzioka alikuwa mlangoni na picha iliyolowa mkononi. Hakusikia, na hakuhitaji. Mbinya alikuwa anawaomba wamsomee, alisikie hilo neno likitoka kwa wenyewe.

Mmoja aliinama, akasoma kwa sauti ya kupaza, kidole kikipita kwenye herufi. Kisha kwa wema, kwa kuwa mathe amewapa maembe na ni haki afurahi pia, akamfafanulia. Alijaza mashavu upepo. Alitanua mikono kuzunguka kichwa chake, kubwa hivi. Akaonyesha mtu anayebonyeza kompyuta. Mwenzake alicheka mpaka muwa ukamtoka mdomoni.

Mbinya alisimama pale. Dereva alirudi, lori likanguruma, likaondoka kuelekea Thika, na kile kichwa kikawa kinamtazama mpaka kikazama kwenye mteremko. Kisha akainua karai lake, akavuka.

Aliingia studio. Mabenchi yote mawili yalikuwa yamejaa. Hakuwa amewahi kuingia ndani tangu mwaka ule, salamu zake zilikuwa za kiooni. Akatua karai chini, akautazama ukuta. Bungeni. Harusini. Juu ya mwili wa mcheza mpira. Ndege na taa zake. Alizipitia zote polepole, kama mtu anayetafuta lake sokoni kwenye rundo la wengine.

"Nzioka, nisomee."

"Mama Musembi, kaa kwanza. Nitakuletea maji."

"Sitaki maji. Nisomee hii."

Ilikuwa ile ya kwanza kabisa, yeye upande mmoja, Nthenya upande wa pili. Nzioka aliyasoma yale maneno mawili kwa sauti ya chini. Yaliyoandikwa, safari hii.

"Na hii."

"Huyu ndiye alikuwa namba moja kwa mtihani."

Kwenye benchi mmoja alikohoa kicheko. Mbinya hakugeuka.

"Na hii."

"Mama..."

"Soma."

"Waziri mpya wa mipango."

Benchi lote likacheka. Usiwalaumu, hawakumjua. Walimwona mama wa maembe mwenye hamu ya kusomewa, na mzee Era akisoma kwa sauti ya mazishi, na hilo ndilo lililozidi kuwachekesha. Mbinya aliwageukia. Aliwatazama wakicheka, mmoja mmoja, meno yao, mpaka wakaishiwa wenyewe.

"Kumbe ndiyo hivi," akasema. Kisha kwa Nzioka: "Waambie ni nani."

Mashine ya unga ilikuwa imezimwa kwa ajili ya chakula cha mchana, hata kelele zake hazikuwepo kumsaidia.

"Waambie tu jina, Nzioka. Wacheke wakimjua."

Kijana mmoja aliyetoka Nairobi akasogea mbele, amependezwa. "Ni mtu wa kweli? Mzee, si ulituambia ni wewe ulimtunga?"

Hivyo ndivyo alivyokuwa anawaambia. Kwamba ni mtu aliyemtunga mwenyewe, kwa wembe, kutoka kichwani mwake. Ndiyo sifa aliyokuwa anaiuza, na ndiyo iliyowaleta watu kutoka hata Nairobi. Macho yote yalikuwa kwake. Mbinya alingoja na mikono imekunjwa tumboni, vile mtu anavyongoja chenji.

"Ni picha tu," Nzioka akasema. "Ni ya mteja mmoja wa zamani."

Mbinya alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyethibitisha bei. Akainama, akainua karai, akalisawazisha kichwani. Mlangoni alipishana na anayeingia, akampisha, akatoka. Nzioka aliona mgongo wake ukipita mbele ya kioo bila kupunguza mwendo.

"Mzee," yule wa Nairobi akasema akijiweka kwenye kiti, "mimi nipe kikubwa kabisa."

Akampa.

Hakumwona Mbinya tena siku za soko. Maembe yake alianza kuyauzia mtini, kwa madalali wanaonunua kwa bei ya kutupa. Nthenya hakurudi kuuliza. Kama ile picha bado inatazama kitanda, Nzioka hajui, na hana uso wa kwenda kubisha hodi aone. Yasin ndiye aliyekwenda, na sukari na majani ya chai, akakaribishwa, akaomba msamaha, akasamehewa. Aliporudi Nzioka alimuuliza kama aliona kitu ukutani. Yasin akamwambia nenda uone mwenyewe.

Na kicheko, hicho nacho hakikudumu. Mwaka haukuisha kabla watu hawajapata mbuzi mmoja aliyepanda juu ya bodaboda, wakahamia kwake. Benchi la pili likarudi kuwa la kuwekea ndoo. Lori lilipakwa rangi upya. Kisha zikaja simu za kupiga picha, na kila mtu akawa fundi wa kichwa chake.

Siku hizi Nzioka anapiga pasipoti tu. Koti liko kwenye msumari, limepauka mabegani. Zile karatasi za ukutani zimekuwa za manjano na mende wamekula pembe, lakini hajaziondoa. Juzi mama mmoja mgeni, aliyehitaji picha za kitambulisho, alikuwa anajifuta unga usoni akiangalia ukuta.

"Na huyu wa kichwa ni nani?"

Nzioka aliacha kamera. Alikohoa, akavuta kiti.

"Huyo ni Musembi," akasema, "mtoto wa Mbinya, wa hapa tu. Alikuwa anachimba mchanga upande wa Kithyoko. Mwaka ule wa El Nino ukingo..."

"Mzee, pole, nilikuwa nauliza tu," yule mama akasema, akitazama saa. "Zitakuwa tayari saa ngapi?"